Nionyeshe Lililooza

Sajini Mutahi hakutumia hata nusu dakika. Alimshika Watiri kidevu, akamwinua uso juani, akamwambia afungue mdomo, akachungulia mara moja, akamwachilia. Kisha akachukua kalamu nzito nyekundu na kuchora msalaba juu ya nambari aliyoandikiwa mkononi asubuhi ile. Meno imeoza, akasema, toka kwa laini. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Mwaka jana Watiri akarudi, akamkuta Mutahi yuleyule na kalamu ileile, akapata msalaba uleule.

Hebu niambieni. Mtu amekimbia kilomita kumi, amewashinda wote isipokuwa wanaume wawili, amebeba gunia la mchanga kupanda na kushuka, halafu anafukuzwa kwa rangi ya meno? Ndiyo, anafukuzwa. Anapitishwa kando ya uzio mbele ya nusu ya watu wa Naro Moru, mkono umechorwa kama mzigo uliokataliwa, na kuna wanaomcheka.

Watu wa kule chini Kieni, mlima ukiwa mgongoni na ukavu ukiwa mbele, hunywa maji ya visima virefu. Maji yale yana madini. Mtoto akiyanywa wakati meno bado yanaumbika ndani ya ufizi, yanachipuka na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki wala kwa maombi. Ukienda Nyeri mjini, ukicheka tu, wameshajua umetoka wapi kabla hujataja jina. Watiri alizaliwa huko, na meno yake manne ya mbele ya juu yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana.

Kazi aliyoitaka ilikuwa ya Kikosi cha Walinzi wa Mlima. Aliitaka tangu ana miaka kumi na minne, siku moto ulipounguza nyika ya juu na akamwona mlinzi mwanamke akishuka na masizi usoni, amembeba mzee mabegani. Kanuni ya kikosi ilisema asiingie mtu mwenye meno yaliyooza, na kanuni hiyo ilikuwa na akili. Walinzi hukaa msituni wiki tatu. Jino likimlipuka mtu huko juu, kumteremsha ni kazi ya watu sita. Ubaya haukuwa kwenye kanuni. Ubaya ulikuwa kwenye macho ya Mutahi, ambayo yalidhani kahawia na kuoza ni kitu kimoja. Tena kanuni ilisema mwisho ni miaka ishirini na sita, na Watiri alikuwa anatimiza ishirini na saba mwezi wa nne. Ilibaki mara moja tu.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Jirani mmoja alimwambia asugue na majivu. Mwingine akasema Jiki kidogo, ile dawa ya kung'arisha nguo, kwenye pamba. Lakini aliyemuumiza zaidi ni mama yake mwenyewe, Njoki, kwa sababu alisema kwa upendo. Kulikuwa na fundi wa meno huko Kutus, Njoki alisema, anang'oa yale mabaya na kuweka meupe ya bandia kwa siku mbili, na hakuna afande atakayejua. Alishamwongelesha kwa simu. Fundi alikuwa anamngoja Watiri Alhamisi, wiki moja kabla ya usajili.

Njoki alijua kung'olewa. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu, harusi ikiwa mwezi ujao, mtu wa meno alikuja siku ya soko na koti jeupe na koleo, akamwangalia, akamwambia manne ya mbele yameoza na yataambukiza mengine yote. Akayang'oa hapohapo, Njoki amekaa kwenye kiti cha kinyozi. Kabla ya siku hiyo Njoki ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kwaya. Baada ya siku hiyo aliimba kutoka safu ya nyuma, na kucheka alicheka na mkono mdomoni. Watoto walimwita kibogoyo, na watoto hawana huruma. Meno yale alikuwa ameyaweka kwenye kopo la ugoro la baba yake, juu ya kabati, na akiulizwa kwa nini hayatupi alijibu kwamba mtu hatupi mfupa wake.

"Mimi yangu yalikuwa yameoza, yakatolewa, nikapona," alimwambia Watiri. "Wewe unangoja nini?"

Watiri alikuwa akifanya kazi Nanyuki, kwenye soko la mifugo, kwa mama mmoja mfanyabiashara wa mbuzi aliyeitwa Anab. Na kazi yenyewe, uone maajabu, ilikuwa kufungua midomo. Mbuzi akiletwa, Watiri alimbana kati ya magoti, akamvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba, akasoma. Meno makubwa mawili, mwaka mmoja na kitu. Manne, miwili. Manane, kinywa kimejaa. Yakianza kulegea, huyo ni bibi, usimpeleke kuzaa. Anab alikuwa amemfundisha hadi akaweza kusoma akiwa anaongea na mtu mwingine.

Siku aliposikia habari za Kutus, Anab aliweka chini kikombe chake cha maziwa. Akamwambia Watiri amlete yule mbuzi dume wa mwisho, akamfungua mdomo mwenyewe. Meno yalikuwa ya kahawia kama ya Watiri.

"Mbuzi wote wa visima wako hivi," alisema. "Umewahi kuniona nikimrudisha mmoja kwa sababu ya rangi? Mbuzi hatafuni na rangi, binti yangu."

Kisha akamweleza habari ya mjukuu wake, Sabirin. Mtoto ana meno meupe kama maziwa, kila mtu anayasifu, na bado usiku analia. Walimpeleka kliniki moja Nyeri ambako kuna kamera mpya ya mwanga, ikaona jino linaoza kwa ndani kabla halijatoboka, likatibiwa bila kuchimbwa. Anab alisema aende huko kwanza. Akitoka huko bado anataka Kutus, shauri yake.

Watiri akaenda Jumanne. Na kabla ya kutoka nyumbani, mama yake akiwa shambani, alipanda kiti akachukua lile kopo la ugoro juu ya kabati. Hakuwa na mpango wowote mkubwa, msidhani. Aliogopa tu. Kama ya mama yalioza kwa maji yale yale, basi na yake yangeoza, na alitaka kujua amebakiza miaka mingapi.

Kwenye kliniki alipokewa na tabibu wa meno aliyeitwa Wakiuru, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka, anayeongea na wagonjwa kama anaongea na dada zake. Wakiuru hakushtuka na madoa. Alimuuliza tu anatoka wapi, akatikisa kichwa. Kamera yenyewe ilikuwa kama mswaki mnene wenye mikono miwili mifupi kwenye ncha yake. Mikono ile ililikumbatia jino na kulimulika kwa pembeni, kwa mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, na kamera katikati ikapiga picha kutoka juu. Haikuuma hata kidogo.

"Umewahi kupima mayai ya kuku anayetaka kulalia?" Wakiuru aliuliza.

Nani wa Kieni hajawahi? Unaweka yai mbele ya tochi. Ganda liwe jeupe, liwe la kahawia, haijalishi, unachotafuta ni kilicho ndani. Wakiuru akamwambia ndivyo hivyo. Mwanga huu haujali doa, unalipita. Jino zima linaupitisha, linang'aa lote. Jino linaloanza kuoza linauzuia, na mahali pale panakuwa kivuli.

Watiri akageuza macho kwenye skrini. Meno yake manne ya mbele, yaliyomfukuza uwanjani mara mbili, yalikuwa yanang'aa. Kahawia haikuwepo. Hata alama. Wakiuru alipita moja baada ya jingine, akasema zima, zima, zima, zima. Watiri alishangaa kujisikia anatabasamu na kifaa kiko mdomoni.

Halafu Wakiuru akafika nyuma, juu, upande wa kushoto, akasimama. Kati ya magego mawili kulikuwa na kivuli kidogo, kama ncha ya msumari. Gego lenyewe ukiliangalia kwa kioo lilikuwa safi, jeupe, labda ndilo jeupe kuliko yote kinywani. Uzuri wa mkakasi. Hilo ndilo linaloanza, Wakiuru akasema, na shukuru tumelikuta mapema. Halijatoboka. Alisafisha, akapaka dawa, akamwonyesha jinsi ya kupitisha uzi katikati, akamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Akaanza kuandika barua ambayo Watiri angeipeleka kwenye usajili. Watiri akamuuliza, sauti chini, kama hilo gego lingeweza kuachwa nje ya barua. Wakiuru akaacha kuandika. Alisema barua yake ina yote au haipo. Watiri akakasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, kwa sababu kila mara mlango ulipofunguka kidogo kulikuwa na mtu wa kuubana. Lakini akakumbuka sokoni. Mtu akificha kikohozi cha mbuzi anauza mara moja tu. Mara ya pili hata akileta mbuzi wa dhahabu, watu wanamwangalia yeye, hawamwangalii mbuzi.

"Basi andika yote," alisema.

Ndipo akatoa kopo. Wakiuru aliyamimina yale meno manne kiganjani bila kuuliza mengi, akayaloweka kwenye maji kwa muda mrefu, kwa sababu jino kavu hudanganya, akasema. Mchana ulikuwa umeshasogea alipoyaweka mbele ya mwanga, moja moja. Alirudia mara ya pili. Kisha akavua glavu.

"Nani aliyang'oa haya?"

"Mtu wa soko. Zamani. Yalikuwa yameoza."

"Hapana," Wakiuru alisema. "Haya hayakuwa na kitu."

Watiri alilia pale kwenye kiti, na msifikiri alilia kwa huzuni. Ilikuwa hasira. Miaka ishirini na minane mama yake amecheka na mkono mdomoni, ameimba nyuma ya watu, amejiona mgonjwa aliyepona, na kumbe alinyang'anywa. Wakiuru alichapisha picha zote, za mtoto na za mama, akaziweka kwenye bahasha moja.

Alhamisi ilipofika Watiri hakwenda Kutus. Njoki alinuna. Alimwambia atarudi na msalaba wa tatu, na huo hautafutika. Watiri angeweza kumjibu kwa neno moja, na neno lenyewe lilimjaa mdomoni asubuhi na jioni, lakini unamwambiaje mama yako jambo kama hilo akiwa anamenya viazi? Kopo alibaki nalo kwenye mkoba wake, na juu ya kabati akaacha nafasi tupu ambayo alitumaini haitaonekana.

Siku ya usajili walikuwa zaidi ya mia mbili kwenye uwanja wa shule. Watiri aliandikiwa nambari sitini na nane mkononi. Akakimbia, akaja wa pili. Akabeba gunia, akapanda, akashuka, hakuna aliyemfikia. Halafu wakapangwa laini ya vinywa, na mbele ya laini, amesimama juani na kalamu yake nyekundu, alikuwa Mutahi.

Kufikia zamu yake, watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama kando ya uzio na misalaba mikononi. Watiri aliwajua wengi wao. Wote walikuwa wa chini, wa visima.

Alifungua mdomo kabla hajaambiwa. Mutahi alimkumbuka, na hilo lilimchekesha. Watiri akampa bahasha. Mutahi hakuifungua. Alisema yeye hasomi meno kwa karatasi, ako na macho, na akanyoosha mkono aletewe ile nambari aipige msalaba.

Watiri akauficha mkono nyuma ya mgongo.

Kitu kidogo namna hiyo, lakini laini nzima ilinyoosha shingo. Mutahi akarudia. Watiri akasema hapana. Mutahi akamuuliza kama anajua anaongea na nani, Watiri akasema anajua sana, ni mara ya tatu wanakutana. Maji alikuwa ameshayavulia nguo. Akavuta pumzi, na aliposema, alisema kwa sauti ya kufika kwenye uzio.

"Afande, ni kweli niko na jino moja imeanza kuoza. Imeandikwa kwa hiyo barua. Wewe uko na macho. Nionyeshe ni gani. Ukinionyesha, huo msalaba nitachora mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Chini ya hema, daktari wa kikosi, mama wa makamo aliyekuwa akipima watu presha, aliinua kichwa, akaja, akaichukua ile bahasha mkononi mwa Mutahi na kuifungua. Akasoma hadi mwisho. Akamwambia Mutahi aendelee, hata yeye angependa kuona.

Sasa Mutahi hakuwa na pa kukimbilia. Alitoa tochi. Aliangalia juu, akaangalia chini, akamgeuza Watiri kichwa kulia na kushoto, na safari hii ilimchukua zaidi ya nusu dakika. Mwishowe akaweka kidole kwenye jino la mbele la kulia, lile lenye doa kubwa kuliko yote.

"Hii."

"Hapana," daktari alisema. "Hilo ni zima. Ni gego la juu, kushoto, la pili kutoka mwisho."

Mutahi akamulika. Akasema ile ni nyeupe kabisa. Daktari naye akamulika, akasema kweli ni jeupe, na hata yeye kwa macho haoni kitu. Watu wakaanza kunong'ona. Mutahi, nyani haoni kundule, akapandisha sauti, akasema karatasi ni karatasi, siku hizi mtu ananunua barua yoyote anayotaka, hata picha za mwezi.

Watiri akaingiza mkono mkobani, akalitoa kopo la ugoro, akalifungua na kumimina meno manne ya kahawia juu ya meza ya usajili. Yaligonga ubao, yakalala. Akachomoa picha za meno hayo kwenye bahasha aliyoshika daktari, akaziweka kando.

"Haya yalitolewa kwa mdomo ya mama yangu," alisema. "Na mtu mwenye macho kama yako. Mwanga umepita yote manne. Hakuna hata moja ilikuwa imeoza."

Alipoinua uso akamwona mama yake. Njoki alikuwa kwenye uzio, kati ya wale kumi na mmoja, na chupa ya uji kwapani. Alikuwa amekuja kumfariji mtoto ambaye yeye alijua atafukuzwa. Mkono wake ulikuwa mdomoni kama kawaida, lakini macho yalikuwa yamekazwa pale mezani, na Watiri akajua mama amesikia kila neno. Angetoa kazi yenyewe ili kuyarudisha maneno yale na kuyasema taratibu, nyumbani, wakiwa wawili.

Njoki alipita kwenye pengo la uzio. Hakuna askari aliyemzuia. Alitembea hadi mezani, akaweka chupa chini, akayaangalia meno yake.

"Yote?" alimuuliza Watiri.

"Yote, mama."

Njoki akamgeukia Mutahi, akashusha mkono, akafungua mdomo wazi mbele ya uwanja mzima, pengo lote likaonekana.

"Tazama vizuri, afande," alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe nakuambia."

Mutahi akaangalia kando. Wala siwafichi, nilifurahi, na nyinyi mngefurahi.

Daktari alinyoosha kiganja, akaomba ile kalamu nyekundu. Akaipata. Alisoma kanuni kwa sauti: meno yaliyooza na yasiyotibiwa. La huyu limetibiwa, akasema, na mengine ni mazima kuliko yangu. Kwenye orodha, mbele ya nambari sitini na nane, aliandika anafaa. Watiri akauleta mkono mbele. Nambari ilikuwa nzima, imelowa jasho tu.

Wakati huo wale kumi na mmoja walikuwa wameshaanza kurudi kwenye laini. Hakuna aliyewaita. Walikuja wakisugua misalaba kwa mate, na mmoja akasimama mbele ya Mutahi akakunja ngumi nyuma ya mgongo kama Watiri, kisha wa pili, kisha wote. Mutahi akawaamuru watoke. Hawakutoka. Watiri naye, aliyekuwa amepita na angeweza kwenda zake, akarudi akasimama nao. Daktari akawahesabu, akashusha pumzi, akasema kila mmoja ana wiki mbili za kwenda kupigwa picha kama hizi na kuzileta kwake yeye, si kwa mtu mwingine.

Kisha akamgeukia Njoki kwa adabu. Aliuliza kama angeweza kubaki na yale meno manne siku chache, awaonyeshe wakubwa wake wenyewe, maana watu wa ofisini huamini wakiona.

Njoki alikuwa ameshaanza kuyaokota, moja moja, akiyarudisha kwenye kopo la baba yake. Akafunga kifuniko.

"Picha chukua," alisema. "Haya yalichukuliwa mara moja. Hayachukuliwi tena."

Akamwachia Watiri chupa ya uji. Akakata uwanja katikati, kopo mkono mmoja, na mkono wa pili ukiwa chini njia yote hadi langoni.